Vioo Vitatu Kwenye Ufa

Kioo cha katikati nilikikuta kimepasuka Jumatatu asubuhi, nilipokuwa nafagia chumba cha bibi. Kwanza nilitazama mpini wa ufagio. Nilidhani ni mimi.

Vioo vyenyewe vilikuwa vitatu, vipande vyembamba vya dirisha, urefu wa kidole. Aliyevibandika ni Telesphory, afisa wa majengo wa halmashauri. Alivishikiza kwa simenti juu ya ufa uliotoka dirishani mpaka sakafuni, ufa ulioanza jirani alipochimba shimo la choo karibu na msingi wetu. Alituachia karatasi yenye muhuri, akatusomea mwenyewe: vioo visiguswe, kimoja kikipasuka, ukuta unatembea, watu wote watoke siku hiyo hiyo na mwenyekiti wa mtaa aambiwe. Alhamisi angerudi kukagua.

Bibi Hajira, ambaye miguu iliacha kumbeba tangu mwaka jana, alimcheka kutoka kitandani. Kitanda chake kilikuwa chini ya ufa huo huo. Ni kipana, hakikuenea kwingine.

"Wewe Mnyamwezi ni mtani wangu. Unasubiri ukuta uniangukie, uje kugaagaa msibani na kula pilau."

"Pilau yako nitaila ukiwa hai, bibi. Usiwe na haraka."

Kile kioo cha kwanza sikumwambia mtu. Shule niliachia darasa la tano huko kijijini Kurui, kwa sababu mwalimu akinisimamisha koo lilikuwa linafunga. Mpaka leo linafunga.

Jumanne nilikuwa namnywesha bibi uji. Ukutani pakalia tik, kama yai linagongwa ukingoni mwa sufuria. Kioo cha chini kilikuwa vipande viwili. Hakuna aliyekuwa karibu nacho. Vumbi lilimwagika kwenye shuka.

"Panya," bibi akasema.

Nilipangusa shuka. Nikaenda barazani kwa shangazi Mwanamvua, aliyekuwa kwenye cherehani. Alinisikiliza huku akishona mpaka mwisho wa pindo.

"Nani mwingine umemwambia, Maulida?"

"Hakuna."

"Basi na asiwepo. Nyumba hii marehemu mume wangu kaijenga tofali moja moja. Tukitoka haturudi. Unataka bibi yako akafie vyumba vya watu?"

Siku ya pili yake alitoa picha yake ya harusi kwenye fremu, akampelekea fundi kioo chake akikate. Mimi nilishika vipande, yeye akapaka simenti, kisha akasugua majivu juu yake ionekane ya zamani. Alinituma nikatupe chooni vile vilivyopasuka. Sikuvitupa. Nilivifunga kwenye pindo la kanga, na sikujua navifungia nini.

Mchana huo kila nilipomgeuza bibi niliinamisha kichwa. Mara moja nilibandika sikio ukutani. Ndani mchanga ulikuwa unateremka, taratibu, kama mtu anamimina mchele.

Alhamisi Telesphory alikuja. Aliangalia vioo kimoja kimoja.

"Viko vizima," alisema, akafungua faili.

"Si nilikwambia?" Shangazi alikuwa anatabasamu, ila alinitazama mimi. "Imetulia."

"Mtani, pilau umeikosa," bibi akasema.

Aliandika mstari wa kwanza. Nikajiambia nitasema akimaliza huo. Akaanza wa pili. Koo lilikuwa limefunga kabisa. Nilisogea, nikafungua pindo la kanga, nikaviweka vile vipande juu ya karatasi yake. Kimoja kilinichoma kidole, damu ikadondokea alipokuwa ameandika.

Telesphory aliinuka, akausogelea ukuta. Alikwangua simenti kwa ukucha, majivu yakatoka. Akaifunga kalamu.

"Tumtoe bibi na godoro lake. Sasa hivi."

Tulimtoa. Cherehani ikafuata.

Mzee Mwinyimadi, mwenyekiti wetu wa mtaa, alitupa chumba kwake. Shangazi hakusema nami. Kila asubuhi alikwenda kusimama ng'ambo ya barabara kuitazama nyumba, akarudi. "Bado imesimama," alimwambia bibi, kwa sauti ya kunifikia mimi.

Hapo ndipo niliogopa zaidi. Ikisimama mwezi, ikisimama mwaka, nitakuwa nimemtoa bibi kitandani kwake bure. Nilijikuta naomba ianguke, kisha naona aibu, naomba isianguke.

Siku ya sita Telesphory alituita mimi na shangazi. Nyumba ilikuwa imezungushiwa kamba. Alituruhusu tuchungulie dirishani kwa mbali, tusiivuke.

Vioo vilikuwa vimepasuka vyote vitatu, pamoja na vile viwili vya picha ya harusi. Kwenye ufa mkono wangu ungepita. Tofali mbili zilikuwa zimelala juu ya chaga za kitanda, upande wa mto.

Shangazi alizitazama. Telesphory akampa karatasi ya kubomoa, akamwonyesha pa kusaini. Hakuisaini kwanza. Alinishika mkono, akaugeuza.

"Kidole kimepona?"

"Kimepona, shangazi."

Hakikuwa kimepona. Aliona, akakipuliza, ndipo akaomba kalamu.