Bega la Dishon

Kompyuta ilipoingia studio ya Faruk mjini Migori, mwaka ule wa tisini na nane, mkewe Kuruthum aliitazama mara moja tu akasema, "Haya, nimeletewa mke mwenza. Hapiki, hafui, na kila jioni anafunikwa shuka asipate vumbi."

Faruk alicheka. Alikuwa mtu wa Mombasa, biashara zilikuwa zimemtupa huku na huko kama embe bovu, na sasa kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu ambacho wapiga picha wenzake pale mjini hawakuwa nacho: skana ya kumeza picha kuukuu na printa ya kuitema ikiwa mpya. Bibi arusi mwenye chunusi aliondoka bila chunusi. Mzee aliyepigwa picha mbele ya choo alijikuta amesimama kwenye maua. "Mashine hii ikishindwa kukupendeza," Faruk aliwatania wateja, "lawama wapelekee wazazi wako."

Utani huo aliumeza siku alipoingia Benta.

Alikuwa mama wa makamo kutoka Macalder, macho yamevimba kwa kulia. Alifuatana na shemeji yake, Dishon, ndugu wa marehemu mumewe, mwanamume mwenye kifua cha kubebea magunia. Wesley, mwana pekee wa Benta, alikuwa mchimba dhahabu. Shimo lilimwangukia, maji yakajaa, wenzake wakachimba na kuteka maji hadi wakakata tamaa. Mwili haukupatikana.

"Sasa mtazika nini?" Faruk akauliza, na papo hapo akatamani aung'ate ulimi wake.

"Yago," Dishon akajibu, bila kuona ubaya. "Ile matunda ya mvungunya, ndefu, nzito. Kwetu Wajaluo, mtu akipotea kwa maji ama kwa udongo, tunaweka yago kwa sanduku, tunalilia, tunazika kama yeye. Lakini juu ya sanduku lazima picha ikae, watu waone ni nani. Mazishi ni Jumamosi."

Picha ilikuwa moja tu duniani. Krismasi, nyumbani, watu wamejipanga. Mbele alisimama Dishon mwenyewe, amejitunisha kama jogoo. Nyuma yake, nusu ya uso imemezwa na bega la ami yake, alichungulia Wesley.

"Nitoe mimi hapo," Dishon akasema. "Mtu hai haiwezi kukaa kwa picha ya sanduku. Bega yangu ikitangulia huko, si mimi nitafuata?"

Benta hakumsikiliza. "Niletee tu mtoto wangu, baba," alimwambia Faruk.

Wakaenda kungojea kwenye hoteli ya jirani. Faruk alimfuta Dishon kwa dakika chache, lakini akakutana na jambo ambalo hakulifikiria. Nyuma ya bega hapakuwa na kitu. Mashine ilijua kilichoonekana, basi. Kilichofichwa haikukijua, sawa na mbuzi wa soko la Ogwedhi. Faruk akakuna kichwa, kisha akanakili ile nusu iliyoonekana, akaigeuza kama anayegeuza chapati, akaiunganisha na mwenziwe. Akalainisha mshono puani. Akanyoosha kola. Kwenye kioo cha kompyuta akatokea kijana mzuri, macho mawili makubwa, anamtazama sawasawa. Faruk alijipiga paja kwa furaha.

Waliporudi, Dishon alishika kichwa. "Yawa! Amekuwa kama mbunge!"

Benta alisogea. Alinyoosha kidole, kikasita karibu na kioo.

"Huyu ni nani?"

Faruk akadhani ni uchungu. "Ni Wesley, mama. Nimemkamilisha."

"Wesley alikuwa na jicho moja." Sauti yake haikupanda. "Hii ingine ilipasuliwa na jiwe, hukohuko kwa shimo. Toka hiyo siku, akiona kamera, anasimama nyuma ya mtu."

Feni ya mezani ilizunguka. Faruk akafanya analofanya kila fundi akishikwa: akatoa ufundi zaidi. "Si neno, mama. Naweza kulitia weupe. Nieleze tu lilivyokuwa, dakika kumi litakuwa—"

"Yeye alificha. Mimi nifunue?"

Faruk akaondoa mkono kwenye kompyuta.

"Shemeji," Dishon akaingilia kwa upole, "acha aende na macho mbili. Huko anaenda si amepona? Nani atabisha?"

"Mimi." Benta alimgeukia. "Yago nimekubali, Dishon. Nimekubali kwa sababu yago haijawahi kusema ni Wesley. Kila mtu kwa mazishi anajua ni tunda. Na yeye, pale alipo, anajua tumekosa mwili, hatujamdanganya. Lakini hii," akaielekezea kompyuta kidevu, "hii inasema ni yeye. Nitasimama nilie mbele ya kijana simjui. Wangu nitakuwa nimemlilia lini?"

Faruk aliitazama kazi yake. Bibi arusi aliijua chunusi yake. Alilipia uongo wake mwenyewe, akaenda nao nyumbani akicheka. Huyu kijana hakuombwa ruhusa. Na mashine, maskini, ilikuwa imetii tu.

"Basi inabaki ile ya kwanza," akasema taratibu. "Nitaikuza, uso uonekane. Lakini bega nalo litakuwepo."

Wote wawili wakamtazama Dishon.

"La!" Dishon akarudi nyuma hadi akagonga kiti cha wateja. "Mimi niko na watoto wadogo! Watu watasema nini? Marehemu na bega ya mtu?"

"Naweza kulipaka weusi," Faruk akajaribu. "Lisijulikane ni la nani."

Benta hakusihi. Alikaa, akaishika mikono yake mapajani, akangoja. Faruk akairudisha picha ya Krismasi kwenye kioo na kuikuza, mpaka kila kitu kikatoka isipokuwa ile nusu ya uso, jicho lake moja, na ule mlima wa shati jeupe.

Dishon alisogea, akalitazama shati lake.

"Hiyo siku," akasema mwishowe, "alinishika shati kwa nyuma. Nikasikia anavuta. Nikamwambia, toka mbele wewe, simama kama mwanaume. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka."

Dishon akajishika bega.

"Acha bega."

"Shemeji, una hakika?" Benta akauliza.

"Na usipake chochote, Faruk. Alijificha hapo, wacha akae hapo. Kifo akitaka kujua bega ni ya nani, boma yangu anaijua, aje aulize."

Printa ikaanza kuvuta karatasi, ikikoroma, mstari kwa mstari: nywele kwanza, paji la uso, halafu jicho. Benta aliinuka akaipokea kabla haijatoka yote.

"Taratibu, mama, wino mbichi huo," Faruk akamwambia. "Ukiugusa utasambaa."

Akaishika kwa pembe. Akainama, akaanza kuipuliza polepole, kama mtu anayempozea mtoto uji. Faruk akanyoosha mkono kuzima feni, isije ikamnyang'anya karatasi, na Dishon akaenda kuufunga mlango, kwa sababu ya vumbi la barabarani.