Mbayuwayu wa Barazani kwa Hasnain

Barabara kubwa ilipofungwa kwa matengenezo, malori ya tumbaku kutoka Usoke yalianza kupita mbele ya duka la Hasnain, mjini Tabora. Mwamvita, fundi cherehani wa barazani hapo, akawa hasikii hata wateja wake wanasema nini.

Juu ya kichwa chake, kwenye boriti, mbayuwayu wawili walikuwa wakilea makinda watatu katika kiota cha udongo. Siku ya tatu ya makelele hayo Mwamvita aliona jambo. Mama alikuja na mdudu mdomoni, akalia kidogo kama kawaida yake. Siku zote mlio huo ulitosha, vidomo vya manjano vikapanuka papo hapo. Safari hii lori lilikuwa likinguruma na honi juu, makinda wakabaki wamelala. Mama akazubaa, kisha akaondoka na mdudu wake. Kufika Ijumaa, kinda mdogo alikuwa amekufa.

"Hawamsikii mama yao," Mwamvita alimwambia Hasnain. "Chakula kipo mlangoni, nao wanakufa njaa."

"Sasa utafanyaje, Bi Mwamvita? Barabara si yetu."

Mwamvita alichukua kipande cha kitambaa chekundu, akaenda konani, akalisimamisha lori lililofuata. Dereva, Lugembe, akachungulia dirishani.

"Shikamoo, mama. Kuna msiba?"

"Marahaba. Zima gari, uje uone."

Lugembe alizima, akashuka, akamfuata hadi barazani akinung'unika. Mara mama mbayuwayu akaja, akalia, na vidomo viwili vikafunguka. Dereva akacheka kwa furaha. "Kumbe! Basi nitawaambia wenzangu, hapa hakuna honi."

Na kweli honi zilikoma, ila mngurumo ulibaki. Hapo ndipo ndege mwenyewe alipomshangaza Mwamvita. Lori lilipopita, hakulia tena. Alijitupa ukingoni mwa kiota kwa nguvu hadi kikatikisika, na makinda wakaamka na kupanua vidomo. Mwamvita aliondoa mguu kwenye pedali, akasahau gauni la bibi harusi lililokuwa mbele yake.

"Hasnain, njoo! Hakuna aliyemfundisha huyu!"

Hasnain alitoka, akatazama, akavua kofia yake.

Makinda wote wawili waliruka. Wiki mbili baadaye, malori yakiwa bado yanapita, mama alikuwa akibeba udongo kukarabati kiota.