Nilipogusa Kamba ya Binti Yangu

Safari ya binti yangu ilikuwa jioni, na asubuhi hiyo tulikuwa bado juu ya paa la ghorofa, mimi na yeye, tukimalizia kazi. Mwenye jengo alilalamikia kiraka kimoja ukutani, pembeni ya dirisha la mshonaji, ambako rangi ilikwajuka kama shati lililofuliwa mno. Kiraka chenyewe hakizidi ukubwa wa mlango.

"Nashuka, nakipiga mara mbili, napanda, naenda kuoga," alisema binti yangu. "Hata chai yako haitapoa."

Mimi humwita Sisimizi, maana tangu mdogo hakuna ukuta uliomshinda. Kazi ya kupaka rangi maghorofa nimeifanya miji mingi, kwa sababu nikikaa sana mahali pamoja miguu huniwasha. Yeye nilimfundisha mwenyewe. Sasa kaitwa mji wa mbali, kupaka matangi makubwa na mabomba marefu ya moshi, pamoja na watu nisiowajua. Tangu habari hiyo ije chakula hakinipiti kooni, ila maneno yanatoka tu.

"Usishuke na mtu anayekuharakisha," nilimwambia, yeye akifunga kamba kwenye nguzo ya chuma pale juu ya paa. "Akisema haraka haraka, wewe kaa chini ufunge viatu upya."

"Hiyo ulisema jana, Baba."

"Na msimamizi akikusifu sana, kagua kamba."

"Hiyo juzi."

"Na usishibe sana kabla ya kushuka."

"Mzee wangu, utanimaliza na nasaha hata gari halijawashwa!" Akacheka. "Niache nifunge."

Sisi watu wa kamba tuna sheria moja isiyovunjwa: anayeshuka ndiye anayefunga. Fundo la mtu haliguswi na mwingine, awe bosi, awe mzazi. Ukiligusa hata kwa kidole, unasema, "Nimegusa," ili mwenyewe alifungue na kulifunga upya. Sheria hiyo aliijua kabla hajajua kushika brashi.

Alipomaliza akakumbuka brashi ndogo, akaenda kuichukua kwenye ngazi. Nikabaki na lile fundo. Kasoro halikuwa nayo, leo ndiyo naona. Lakini pale nililiona limelegea. Nikawaza, kule aendako nani atamkagulia kamba? Mikono ikaenda yenyewe. Nikalifungua, nikalifunga kwa namna yangu, nikavuta mpaka mabega yakauma. Vidole vyangu vya mkono wa kulia vina ganzi siku hizi; vinashika kitu bila kuniambia vimeshika nini.

Akarudi akipiga mluzi. Nikafungua mdomo niseme nimegusa, nikajisikia nasema, "Mvua ikinyesha, usione haya kukataa kazi."

"Sawa, Baba." Akapitisha miguu ukingoni, akakaa kwenye ubao wake unaoning'inia kambani, akaanza kujishusha. Kamba ya pili, ile ya akiba, tulishaifungasha kwenye begi lake, na begi liko chini kwa mlinzi. Kiraka kidogo tu, tulisema.

Nikageuka kutazama nguzo.

Fundo huachiwa mkia, kipande cha kamba kinachobaki nje. Nilikuwa nimeuacha mrefu kama mkono. Sasa ulikuwa kama kiganja. Nikadhani macho yananidanganya. Kamba ikalia kidogo, kriii, na mkia ukawa kama kidole: fundo lilikuwa linateleza.

Kelele hazifai. Mtu aliye kwenye ubao ukimshtua, atajitikisa. Nikaizungusha kamba kiunoni mwangu, nikakaa, nikakita miguu kwenye ukingo wa paa. Jasho likaniingia machoni.

"Sisimizi," nikaita taratibu, kama mtu anayeomba chumvi mezani.

"Abee!"

"Uko wapi?"

"Dirishani kwa mshonaji. Kwani vipi?"

"Ingia ndani."

"Niingie kwa watu na miguu hii?"

"Ingia, mwanangu. Usiulize. Usijitikise."

Cherehani ya mshonaji ikanyamaza. Kamba ilinikata kiunoni, nikahisi makalio yanaburuzwa kuelekea ukingoni.

"We! Unatafuta nini dirishani kwangu?" Sauti ya mshonaji.

"Nipe mkono, shangazi."

"Shangazi yako nani?"

Ghafla uzito ukatoka. Nikaanguka chali, kamba imelegea tumboni kama mshipi wa mtu aliyekonda. Uzito hutoka mtu akiingia dirishani. Hutoka pia akianguka. Nililala pale nikingoja kishindo cha chini, na shingo ilikataa kabisa kuinuka ikachungulie.

"Kitambaa cha watu hiki! Umekimwagia rangi, msichana wewe!"

Sijawahi kusikia matusi matamu namna ile.

Binti yangu alipanda kwa ngazi. Akachuchumaa mbele ya nguzo. Mkia ulikuwa haupo tena.

"Hili si fundo langu."

"Nimegusa," nikasema.

"Sasa ndiyo unasema?"

Akakaa chini. "Kule naendako, Baba, hakuna atakayethubutu kugusa kamba yangu. Wa kuogopwa ni wewe tu."

Kisha akauliza kwa sauti ya utotoni, "Niende kweli?"

Hapo nikaogopa kuliko nilipoishika kamba. Neno moja tu, baki, na angebaki. Nililihisi ulimini, jepesi kabisa. Na nilijua akibaki kwa woga huu, woga wenyewe ni fundo nililomfungia mimi, na hilo halitafunguka.

"Kiraka hakijaisha," nikasema. "Kafuate ile kamba ya pili."

Akashuka, akarudi na kamba, akafunga zote mbili mwenyewe, akazivuta, akazivuta tena.

"Wewe kaa pale mlangoni pa ngazi. Mikono mfukoni."

Nikakaa. Akapotea ukingoni.

"Sisimizi!"

"Nipo."

Nikavumilia kidogo. "Sisimizi!"

"Nipo, Baba! Ukiniita tena nakuja kukufunga wewe kwenye nguzo."

Sikuita tena. Nikasikiliza brashi ikipanda na kushuka ukutani, na kila iliposimama kuchovya rangi, moyo wangu nao ulisimama kuisubiri.