Muziki wa Kiti cha Pili

Saluni ilikuwa na viti viwili na spika moja. Kiti cha dirishani kilikuwa cha kinyozi ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Cha ukutani kilikuwa cha binti yake, Fundi Mdogo, naye alikuwa karibu kunyang'anywa.

Sababu ilionekana kwenye kioo. Kijana aliyekuwa chini ya mashine yake alisikia wimbo anaoupenda, akatikisa kichwa, na mstari wa paji la uso ukapanda kama ngazi.

"Muziki wako wa kugonga masufuria," Fundi alisema kijana alipokwisha kuondoka, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. "Nyimbo zetu zina gitaa, zina subira. Mteja anatulia. Ukiharibu kichwa kingine, mama, unarudi kufua taulo."

"Baba, nyimbo zenu mtu anamaliza kunyolewa mwimbaji hajafungua mdomo."

"Ndiyo maana anatulia."

 Binti alianza kuwatazama wateja wa baba yake.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu mstaafu, mteja wa Fundi wa miaka mingi, alilaza kichwa ili anyolewe ndevu. Fundi akaweka wimbo wa ujana wao. Gitaa lilipita salama. Kiitikio kilipofika Mwalimu akaimba, kidevu kikacheza, wembe ukachukua ngozi.

"Mkono umeteleza," Fundi alisema, akibonyeza pamba.

"Mkono wako hauna kosa, Baba. Wateja wangu wanacheza kwa shingo, wako wanaimba kwa kidevu. Mtu akiupenda wimbo, hatulii. Nipe spika mpaka jioni. Nikikosea, najua taulo zilipo."

Fundi aliitazama pamba. Ilikuwa nyekundu. Akamsogezea spika.

Shavu la pili la Mwalimu lilinyolewa kwa muziki wa vijana. Mwalimu alinuna, akakaza taya, hakutikisika hata kidogo. Wembe ulipita kama juu ya sahani.

"Hawa watoto wanagombana na nani?" aliuliza mwishoni.

"Na ndevu zako, Mwalimu. Zimeshindwa," binti alijibu.

Mteja wa kwanza wa kiti cha ukutani aliwekewa gitaa la kina baba. Alikodolea dari macho kama anayesubiri sindano. Mstari wake ulinyooka.

"Dada, unanitesa," alilalamika.

"Jitazame kwanza, ndipo ulalamike."

Alijitazama kushoto, akajitazama kulia, akalipa.

"Na viti vyote vikiwa na watu?" Fundi aliuliza. Hakuwa mtu wa kukubali kirahisi.

"Tunaweka utabiri wa hali ya hewa."

Binti alirudisha muziki wa vijana. Mwalimu, aliyekuwa bado amekaa akibonyeza pamba kidevuni, alianza kugonga sakafu kwa kisigino, taratibu, bila kukosea mapigo.

"Mwalimu!" Fundi alishtuka. "Hata wewe?"

"Mwache, Baba. Mguu hauna ndevu."

 Fundi aliokota taulo yenye damu ya Mwalimu, akaenda kuifua mwenyewe.