Mwaka Nilioipiga Chupa Teke

Kwetu mtu haondoki hivi hivi. Awe anaenda jeshini, kwenye mtihani au kuolewa, ndoo ndogo ya shaba huwekwa kwenye ngazi ikiwa imejaa maji, na mwenye safari huipiga teke kwa mguu wa kulia ili njia yake iteleze kama maji yale. Ukiondoka bila maji, ukavunjika mguu huko uendako, usimlaumu mtu.

Basi asubuhi ile ya Julai ndoo yetu ilikuwa imesuguliwa kwa siki mpaka inawaka. Baba alikuwa amevaa suti yake ya harusi, kifungo cha tumbo kikilia mama yangu wee. Majirani walijaa uani, wanakula banitsa, ule mkate wa jibini, na kunywa pombe kali ya rakia asubuhi asubuhi, na hakuna aliyeona haya. Juu ya mlango wa kliniki, pale chini ya nyumba yetu, kulikuwa na kibao kipya: DAKTARI WA MENO STAMEN KARABELOV NA BINTI.

Binti ndiye mimi, Nevyana. Udaktari nilikuwa sijausoma hata siku moja! Nilikuwa nimemaliza sekondari, nimepata nafasi ya kusomea meno Plovdiv, na siku hiyo nilitakiwa kwenda kujiandikisha.

Nikatoka nje na mabuti ya mlimani na begi kubwa mgongoni.

"Kumbe Plovdiv siku hizi kuna milima?" akauliza mama Pena, jirani yetu, mdomo umejaa.

"Siendi Plovdiv," nikasema. "Naenda juu, kwa mzee Velko, kwenye nyumba ya wapanda milima. Nitafanya kazi mwaka mmoja. Chuo kitanisubiri."

Watu wote wakamgeukia baba. Msidhani nilimvizia baba. Thubutu! Nilimwambia wakati wa theluji, nikamwambia wakati wa Pasaka, nikamwambia tena wiki ile ya mtihani. Kila mara alikuwa na mkono kinywani mwa mtu. "Tutaona, mwanangu. Nishikie taa." Mpango wangu ulikuwa umekamilika. Velko alishanikubali jikoni, kitanda kipo, mabuti nilinunua kwa jasho langu la kuoka mikate. Na maksi hazichachi. Mwaka unaofuata ningeomba chuo kwa maksi zile zile. Kitu kimoja tu sikukipata katika nyumba ile, nacho ni mtu wa kuniuliza, "Nevyana, wewe unataka nini?" Jamani, hata mgonjwa huulizwa ni jino gani linamuuma!

"Vua hayo mabuti," baba akasema.

"Sivui."

"Nevyana, watu wanatazama."

"Waache watazame. Ndicho walichoitiwa."

"Na unakwenda kutafuta nini huko? Mbuzi?"

"Sijui, baba. Ndiyo maana naenda."

Uso wake ukawa mwekundu kuliko pilipili za mezani. Akainama, akaichukua ile ndoo, maji yakimrukia suruali. "Ukivuka geti hilo na mabuti hayo, huna baba wa kukutilia maji. Leo wala kesho." Akaingia ndani na ndoo yake, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Mtoto akililia wembe, mpe," mama Pena akasema.

"Wewe Pena, kula unyamaze," mama akamjibu. Mama yangu ndiye anayempa baba koleo kazini, na anajua wakati wa kusema na wakati wa kushika bakuli. Lakini siku hiyo macho yalimjaa machozi.

Niliogopa? Sana! Mguu kuvunjika ni jambo dogo. Niliogopa kwamba nikishuka mwakani nitakuta kibao kimeng'olewa, na baba ananitazama kama mgonjwa asiyemfahamu. Nikajisemea, maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya hayajamwagika bado. Nikatoa chupa yangu ya maji ya kunywa, ya plastiki, nikaifungua kifuniko, nikavuka geti huku wote wakinifuata, nikaiweka katikati ya barabara. Nikaipiga teke la mguu wa kulia. Ikaruka, ikamrushia mama Pena maji viatuni, ikabingirika hadi mtaroni.

"Haya!" nikasema. "Njia imelowa. Kwaherini!"

Nilipogeuka kwenye kona niliona pazia la kliniki likitikisika. Nikalia njia nzima ya kupanda, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Mwaka wenyewe sitausifu uongo. Mwezi wa kwanza nilimenya viazi mpaka vidole vikapauka. Nilijifunza kupika supu ya maharage ya kuwatosha watu wa makundi mawili yaliyonaswa na mvua, na kuwafukuza walevi kwa maneno tu. Siku moja ukungu ulinishika kwenye njia niliyojidai naijua, nikakaa juu ya jiwe nikiimba kwa sauti hadi Velko akanifuata kwa masikio. "Sauti mbaya nayo ina faida," mzee yule akasema, wala hakunigombeza. Mama alinipigia simu kila Jumapili. Nilimuuliza, "Baba je?" Akasema, "Baba yako ni Karabelov. Na wewe ni Karabelov. Mimi nimeolewa kwenye zizi la punda."

Vyakula vyetu vilipandishwa mlimani na farasi mmoja mzee aitwaye Jenerali. Theluji ilipoanza kuyeyuka, Jenerali akaacha kula. Alitafuna majani, akayatema mabonge mabonge, mbavu zikaanza kuhesabika. Velko alisema kwa uchungu kwamba amezeeka, itabidi auzwe kwa wachinjaji.

"Thubutu!" nikamwambia. "Kwanza mwiteni daktari."

Akaja daktari wa mifugo, mama mmoja mfupi aitwaye Iskra, akamtia farasi chuma cha kumpanua kinywa na kunipa taa nimulike. Mimi taa nimeshika tangu utotoni. Niliisogeza kabla hajaniambia, nikaona magego ya nyuma yamechongoka kama ndoana, yanamchoma mnyama shavuni kila akitafuna.

"Yale pale," nikasema. "Kulia, la mwisho kabisa."

Iskra akanitazama. Akaanza kusugua kwa tupa ndefu, alipochoka akanipa mimi. Nikasugua mpaka bega likawaka moto, nikipapasa kwa kidole kama nilivyomwona baba akipapasa.

"Mikono hii umeitoa wapi?"

"Kwa baba yangu," nikajibu, nikaangua kilio shingoni mwa farasi wa watu. Ilinikera! Nimekimbia meno, nimepanda mlima mzima, na meno yananisubiri huko juu, marefu kuliko yale niliyoyakimbia. Lakini jioni Jenerali alikula ndoo nzima ya shayiri, nami nilikaa nikimtazama hadi mwisho. Hakuna aliyenituma kukaa pale. Hapo nikajua ninachokitaka.

Nikaomba chuo cha mifugo, Stara Zagora. Nikapata. Julai nikashuka.

Kibao kilikuwa pale pale. Kimefutwa vumbi, NA BINTI imepakwa rangi upya. Mama Pena akanidaka getini. "Mwaka mzima watu wanamcheka baba yako kwa kibao hicho! Mwambie akishushe."

"Mwambie wewe, ana koleo."

Baba alikuwa amesimama mlangoni kwenye koti lake jeupe. Ameota mvi. Hatukukumbatiana, sisi akina Karabelov hatujui kuanza. Mama akaleta supu, tukala, vijiko vikigonga bakuli. Halafu baba akaweka kijiko chini.

"Kesho unakwenda wapi?" akauliza.

Nilikaa miaka yangu yote nikilisubiri swali hilo, na lilipokuja nikapaliwa na supu. "Stara Zagora. Kusomea wanyama. Na baba, hata ukikasirika naenda."

"Nimekuuliza, sijakukataza." Akazungusha kijiko. "Farasi ana meno mangapi?"

Nikamtazama kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa hajui, na alitaka kujua.

"Dume arobaini. Jike hupungua kidogo."

"Arobaini!" akasema, akamgeukia mama. "Mimi wangu wana thelathini na mawili tu na wanalia."

Asubuhi majirani walikuja tena, maana harufu ya banitsa haihitaji mwaliko. Nikatoka na mabuti yale yale. Kwenye ngazi sikuiona ndoo. Mwaka mzima, nikawaza, na bado ananinyima maji!

Halafu nikaiona. Katikati ya barabara, mahali pale pale, imesimama chupa ya plastiki, imebonyea ubavuni, imejaa maji hadi shingoni na kitawi cha rihani kimechomekwa mdomoni. Chupa yangu! Ile ya mtaroni.

"Stamen, huna aibu?" mama Pena akapaza sauti. "Binti anakwenda chuo, wewe unamwekea takataka? Ndoo iko wapi?"

"Ndoo sijui kama ingemfikisha," baba akasema. "Hii ilimfikisha na ikamrudisha."

Akaenda kusimama kando ya chupa, kwenye suti yake ya harusi, karibu mno.

"Baba, sogea. Utalowa."

"Sisogei."

"Baba!"

"Nimesema sisogei. Piga!"

Nikaipiga kwa nguvu zangu zote.