Kipindi cha Hesabu Chini ya Bati

Jina la Konokono nilipewa na binamu yangu, tunayekaa naye dawati moja, siku niliyosimama ubaoni mpaka kengele ikalia bila kuandika hata tarakimu. Yeye tunamwita Redio, maana hazimiki. Nyumbani hesabu nazimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Ubaoni, darasa likianza tu kucheka, kichwa kinakuwa cheupe.

Na leo ndiyo leo. Mwalimu wa hesabu alishasema: kila mmoja atafanya swali moja ubaoni, na atakayeshindwa anahamia mkondo wa pili, ambako hesabu za juu hazifundishwi. Bila hesabu za juu, chuo cha upimaji ardhi nitakisikia kwa watu. Nami kupima ardhi nakutaka kuliko kula.

"Konokono, nyumba yako umeibeba?" Redio akaninong'oneza, mnong'ono wa kusikika mpaka mlangoni. "Maana leo unahama."

"Shika adabu yako, binamu."

"Adabu ninayo. Majibu ndiyo sina."

Mwalimu akaandika swali la kwanza: kiwanja cha mstatili, urefu unazidi upana kwa mita tatu, eneo ni mita za mraba arobaini, tafuta upana. Kabla hajageuka, mvua ikashuka juu ya bati kama iliyomwagwa kwa karai. Midomo yake ikacheza, sauti isifike hata dawati la mbele. Akainua chaki juu: nani?

Tulizoea atudokeze kila hatua, na kwa mvua ile angemdokeza nani? Nikamgeukia Redio. Alikuwa ananicheka, meno yote nje, nami sisikii kitu. Kicheko kikiondolewa sauti hubaki meno tu, na meno hata mimi ninayo.

Nikainuka, nikapokonya chaki nusura niivunje.

Upana nikauita x, urefu x na tatu. Nikazidisha, nikahamisha arobaini, mlinganyo ukasimama wima. Mkono ulikuwa unakimbia, mimi naufuata. Zikabaki namba mbili: zikizidishwa zitoe hasi arobaini, zikijumlishwa zitoe tatu. Nikaandika hasi nane na tano, nikaziweka kwenye mabano, nikapata jibu: upana mita nane. Nikalipigia mstari chini, mara mbili.

Hapo hapo mvua ikakatika.

"Konokono kateleza," Redio akasema, na safari hii kila mtu akamsikia. Darasa zima likaangua kicheko.

Weupe ukaanza kuniingia, kutokea masikioni. Mwalimu akafungua mdomo anidokeze. Nikamnyooshea kiganja. Mwalimu mzima, nikamnyooshea kiganja.

"Samahani, mwalimu. Niache kwanza."

Nikauangalia ubao, siyo watu. Upana nane, urefu kumi na moja. Nane mara kumi na moja, themanini na nane. Hicho si kiwanja chetu, hicho ni kiwanja na cha jirani juu.

"Nimekosea," nikasema kwa sauti, "na najua wapi. Hasi nane na tano zinajumlishwa kuwa hasi tatu. Sisi tunataka tatu chanya. Kwa hiyo hasi ihamie kwenye tano."

Nikafuta kwa kiganja, nikaandika upya. Upana tano, urefu nane. Tano mara nane.

"Arobaini," mtu wa nyuma akadakia, kabla sijaandika.

Walikuwa wameacha kucheka. Sijui tangu lini. Shingo zilikuwa zimenyooka kama zinatazama mpira. Mwalimu akasoma kazi yangu toka juu hadi chini, hata pale nilipofuta.

"Unabaki hapa," akasema. "Anayefuata, dawati hilo hilo."

Nilirudi kukaa. Redio alikuwa anafunua daftari lake mbele nyuma, jasho likimtoka puani.

"Binamu," akasema, na kwa mara ya kwanza alinong'ona kweli, "ile hasi unajuaje inakwenda kwa nani?"

Nikasogea karibu, nikamshikisha kalamu. "Jumlisha kwanza. Haraka, anakutazama."