Ngoma ya Nyuso Zilizofunikwa

Jeptoo hakuwa amepanga kudanganya mtu. Asubuhi hiyo ya Machi alikuwa amemwosha Mama Hatsue, akamvisha sweta, akamketisha karibu na dirisha la sebule. Alikuwa anaelekea jikoni kuchukua dawa aliposikia fimbo ikigonga sakafu. Kugeuka, akamkuta mwanamke wa miaka themanini na moja amesimama peke yake katikati ya zulia, mikono hewani, vidole vimepinda kwa nyuma, akipiga hatua ndogondogo kwa muziki usiosikika.

"Kogo! Utaanguka!"

Alimwita Kogo, kama walivyoitwa nyanya wote kwao Kapsabet, Kenya, na bibi alikuwa ameridhika na jina hilo.

"Sianguki. Nafanya mazoezi. Agosti naenda Akita kucheza." Bibi alijigusa kiuno. "Wewe utakuja, utanishika hapa. Utakuja, Jeputo?" Hivyo ndivyo alivyolitamka jina lake.

"Nitakuja, Kogo. Keti kwanza."

Alisema hivyo jinsi mtu anavyomwambia mgonjwa lolote ili aketi. Lakini jioni Abigail, binti pekee wa bibi, aliporudi kutoka ofisini, alimkumbatia palepale mlangoni. "Mama ameniambia umekubali kwenda naye Japani. Hujui umenitua mzigo gani. Bila wewe nisingethubutu."

Hapo ndipo Jeptoo angesema. Badala yake alimpokea mkoba.

Miaka saba ilikuwa imepita tangu aje Teksasi kusoma. Sasa alikuwa na kibali cha kazi, halali kabisa, lakini ombi lake la ukazi lilikuwa bado linasubiri, na wakili wake kule Irving alikuwa amemweleza mara mbili, polepole, kama anayemfundisha mtoto: "Ukitoka nchini kabla kibali cha kusafiri hakijafika, watahesabu ombi lako umeliacha. Hutarudi." Kibali hicho walikuwa wamekiomba Januari. Huenda kingetoka baada ya miezi minne, huenda baada ya kumi na minne.

Na kulikuwa na mzee mmoja ambaye Jeptoo aliwahi kumtunza hukohuko Irving. Mwanawe alimsikia Jeptoo akiongea na wakili kwenye simu, na kesho yake ajensi ya watunzaji ikaambiwa isimrudishe. Hakuna aliyesema kwa nini. Tangu siku hiyo Jeptoo alijifunza kutolitaja neno "karatasi" ndani ya nyumba ya mtu.

Nyumba ya Abigail ya Sugar Land, pembezoni mwa Houston, ilikuwa nzuri, na ndiyo iliyomkaba. Alilala humo siku sita kwa wiki. Kwa kuwa bibi aliwahi kutoka akapotea mtaani, kila mlango ulikuwa na king'ora, na ulipofunguliwa sauti ya mwanamke ilitangaza kutoka darini: mlango wa mbele umefunguliwa, mlango wa nyuma umefunguliwa. Juu ya gereji palikuwa na kamera. Jeptoo akitoka hata kutupa takataka, simu ya Abigail ililia kazini kwake. Hakulalamika, hivyo ndivyo kazi ilivyokuwa. Lakini baada ya ile "nitakuja", alianza kuisikia ile sauti ya dari kama inamhusu yeye.

Aprili ikaja na maswali. Abigail alitaka pasipoti ya Jeptoo, naye akaitoa. Alitaka kujua kama Wakenya wanahitaji viza, akasema ndiyo. "Basi ubalozi mdogo wa Japani uko hapa Houston, nenda siku yako ya mapumziko." Jumatano ile Jeptoo aliketi kanisani, kisha kwenye bustani ya umma mpaka saa kumi. Alhamisi akaulizwa, "Ulishughulikia viza?"

"Nimeanza," alisema.

Mei ikawa "wanashughulikia". Juni, tiketi zikanunuliwa, tatu, na moja ilikuwa na jina lake lote lilivyoandikwa kwenye pasipoti.

Muda wote huo bibi alikuwa akimsimulia. Alimweleza Februari za mji wa Yokote, theluji ikichongwa kuwa vibanda, na watoto wameketi ndani na mishumaa wakiwaalika wapita njia waingie wanywe kinywaji kitamu cha moto. Alimweleza Agosti za mji wa Akita, wanaume wakisimamisha mianzi mirefu kuliko nyumba, imening'inizwa taa za karatasi, wakiihamisha kutoka kiganja hadi bega, kutoka bega hadi paji la uso, bila kuishika. Lakini alipofika kwenye Nishimonai, mji alikozaliwa, alishusha sauti.

"Pale tunawachezea wafu ngoma," alisema. "Katikati ya Agosti. Moto unawashwa barabarani, na wachezaji wanafunika uso. Wengine kofia ya majani iliyoinamishwa hadi puani. Wengine kitambaa cheusi chenye matundu mawili ya macho. Hujui nani ni nani. Hujui hata nani yu hai."

"Wewe ulivaa kipi?"

"Nikiwa msichana, kitambaa." Akajigusa shavu. "Mwaka sitini na sita niliolewa na Mmarekani wa kambi ya ndege za jeshi. Baba aliniambia nisionyeshe tena uso wangu katika mji ule. Kwa hiyo sikuuonyesha. Miaka kumi na saba. Halafu baba akafa, nikarudi mwezi wa Agosti, sikumwambia mtu. Nikakodi vazi, nikavaa kitambaa, nikaingia kwenye mstari."

Jeptoo aliacha kukunja nguo.

"Mama yangu alikuwa kwenye mstari uleule, amevaa kofia. Nilimjua kwa mgongo. Tulipogeuka akawa kando yangu. Akautazama mkono wangu. Akanyoosha wake, akanishika kifundo cha mkono, akakishusha hivi. Akasema, 'Wa kushoto unaupandisha mno.' Alivyokuwa akiniambia nikiwa na miaka sita. Basi. Akaenda mbele. Hatukuonana tena, akafa baada ya miaka miwili."

"Hukumwita, Kogo?"

"Ningemwitaje? Baba alikuwa amesema uso. Nami nilikuwa nimeufunika." Bibi alipangusa magoti yake kana kwamba kuna vumbi. "Safari hii nitaufunua. Ndiyo sababu naenda."

Jeptoo alikwenda bafuni akafungulia maji ili asisikike akilia. Angewezaje sasa kumwambia mtu kama huyo kwamba hendi?

Alimwambia tarehe ishirini na nne ya Julai, siku nane kabla ya ndege. Aliamka akijua hawezi kubeba neno hilo hadi jioni. Alipiga magoti mbele ya kiti cha bibi, akamwambia yote: kibali, wakili, ubalozi ambao hakuwahi kuukanyaga.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Jeptoo alikuwa ametarajia machozi, au mkono mkavu wa bibi kwenye shavu lake.

"Basi tafuta mwingine," bibi alisema. "Mwenye mikono ya nguvu. Mimi lazima niende."

Hilo lilimuuma kuliko hasira ya Abigail, na hasira ya Abigail haikuwa ndogo. Jeptoo alimpigia simu, naye akaja kutoka kazini mchana, akasimama jikoni na funguo mkononi. "Ungeniambia Machi," alisema. "Machi, Jeptoo! Nisingekufukuza kwa ajili ya karatasi. Ungeniambia tu." Jeptoo hakujua kama hilo lilikuwa kweli. Pengine Abigail mwenyewe hakujua.

Jeptoo alimpigia Prudensia. Walikuwa wamesoma pamoja kozi ya uuguzi wa wazee, na sasa Prudensia aliishi Haltom City na kufanya kazi ya zamu hapa na pale. Alikuwa Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, mwenye kicheko kikubwa, na tangu mwaka jana alikuwa raia wa Marekani mwenye pasipoti ya buluu.

"Japani?" Prudensia alisema. "Dada, unanitania."

"Sikutanii. Wiki tatu. Ni mama mzuri, lakini ni mkaidi. Umshike kiunoni, si mkononi. Mkononi hapendi."

"Na wewe je?"

"Mimi nabaki kuangalia nyumba."

Walipoondoka, nyumba ilinyamaza. Hakukuwa na haja ya kuwasha king'ora, lakini Abigail alikiacha, na Jeptoo hakuwa na namba ya kukizima. Joto la nje lilikuwa la kumkausha mtu koo. Siku ya tatu alienda hadi kona ya mtaa na kurudi, akakuta ujumbe kutoka upande wa pili wa dunia: *Kila kitu sawa? Nimeona umetoka.* Baada ya hapo alikaa ndani. Alimwagilia mimea, akapangusa vyombo visivyo na vumbi. Prudensia alituma picha: yeye mwenyewe chini ya mianzi yenye taa, mdomo wazi, bibi akila samaki wa kijiti, bibi akimgombeza mwanamume anayeuza barafu ya sukari. Jeptoo aliziangalia moja moja, akiikuza kila picha kwa vidole, akitafuta kama bibi amechoka.

Tarehe kumi na sita simu ya video ililia saa kumi na mbili asubuhi, yeye bado na shuka mabegani. Kule ilikuwa saa mbili usiku. Aliona moto barabarani, kisha ngoma na filimbi zikaijaza sebule ya Sugar Land.

"Dada! Unaona?" Prudensia alipaza sauti. "Mwenyeji mmoja wa hapa amemwombea nafasi. Yumo! Yule wa tatu, mwenye hariri ya viraka!"

Jeptoo aliisogeza simu usoni. Wachezaji walipita, vichwa vyeusi visivyo na sura, matundu mawili kila kimoja. Wa tatu alikuwa mnene mno. Akatazama mikono. Mikono yote ilipanda na kushuka pamoja kama iliyofungwa uzi mmoja, isipokuwa mmoja nyuma kabisa, mkono wa kushoto, uliopanda zaidi ya mingine, na kando yake Abigail amemshika mtu huyo kiunoni.

"Si huyo," Jeptoo alisema. "Ni wa mwisho. Prude, ni yule wa mwisho!"

"Wapi?"

Picha ikaganda. Betri ya Prudensia ilikuwa imekwisha. Jeptoo alibaki ameketi sakafuni, simu mkononi, mpaka jua likaingia dirishani.

Walirudi mwishoni mwa Agosti. Abigail alimwita Jeptoo jikoni kwa upole, na upole huo ndio uliomwambia habari kabla ya maneno. Mama amemzoea Prudensia. Safari za hospitali zitakuwa nyingi sasa. Ajensi imeshaarifiwa, na wamempa Jeptoo sifa nzuri.

Prudensia alimfuata hadi chumbani alipokuwa akipanga nguo. Hakucheka.

"Sikuomba, dada. Naapa. Walinipa."

"Najua."

"Nikatae?"

Jeptoo alifunga zipu ya sanduku. Alitaka kusema ndiyo, kataa. "Usikatae," alisema. "Anakunywa dawa ya presha kabla ya chai, si baada. Akikwambia ameshakunywa, usimwamini."

Bibi alikuwa amelala. Jeptoo hakumwamsha.

Alirudi Irving, kwenye chumba cha kupanga karibu na uwanja wa ndege, na kazi katika makao ya wazee. Ndege zilipita juu ya paa mchana kutwa. Kibali hakikuwa kimefika Septemba, wala Oktoba. Jumamosi moja Prudensia alipiga simu. "Anakutaka. Hajanipa amani tangu asubuhi."

"Jeputo," sauti ya bibi ilikuja, nyembamba kuliko alivyoikumbuka. "Uliondoka bila kuniaga."

"Ulikuwa umelala, Kogo."

"Ungeniamsha. Uliona ngoma?"

"Niliona kidogo. Nilikuona. Simu ikazima."

"Kwa hiyo hukuona nilipovua." Bibi alivuta pumzi. "Nilivua kitambaa katikati ya barabara. Nikasimama. Uso wazi, taa zote zinaniangaza. Unajua nani aliniona?"

"Nani?"

"Hakuna. Hakuna hata mmoja aliyenijua. Wote walionijua wamekufa. Msichana mmoja alinipa maji, alidhani nimeshikwa na joto." Akaanza kucheka, kicheko kikavu kilichogeuka kikohozi. "Miaka sitini nimeuficha uso huu. Kumbe nilichelewa, nilikuwa naufunika mbele ya mawe ya makaburi."

Kisha Prudensia akaichukua simu kumpa bibi dawa.

Jeptoo alikaa kitandani na viatu vya kazi miguuni. Mwaka uliopita, Novemba, baba yake alizikwa Kapsabet, na yeye alikuwa amewaambia nyumbani kwamba amenyimwa likizo. Mama yake hakuwahi kumuuliza zaidi. Tangu hapo walikuwa wakiongea kuhusu mahindi, mvua na presha, wakizunguka jambo hilo kama shimo lililo katikati ya chumba.

Kule ilikuwa jioni. Mama yake alipokea haraka.

"Mama, nikwambie kitu. Si kazi iliyonizuia kuja kumzika baba. Sina karatasi za kutoka na kurudi. Bado ninazingoja. Niliona aibu."

Ng'ombe alilia mahali fulani nyuma ya sauti ya mama yake.

"Ndugu za baba yako walisema umetusahau," mama alisema hatimaye. "Mbele ya watu wote. Nami nilikosa la kuwajibu."

"Najua, mama. Pole."

"Ungeniambia, ningewajibu."

"Ndiyo, mama."

"Na sasa? Utakuja lini?"

"Sijui," Jeptoo alisema. Lilikuwa jibu la kweli la kwanza alilompa kwa muda mrefu, na halikumfungulia mlango wowote. Wakili angepigiwa tena Jumatatu. "Sijui, mama. Lakini si kwamba sitaki."

Mama yake akasema anakwenda kukamua, asikate simu, na Jeptoo akasubiri, akisikia ndoo ikiwekwa chini na maziwa ya kwanza yakigonga bati.